Tokeni zimepungua? Soma ujumbe kwanza, kisha ujue pa kulalamika

Mimi ni fundi wa stima Kisauni, mwenye leseni daraja la C2 ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli Kenya, na swali ninaloulizwa kuliko yote halina uhusiano na waya: "Fundi, mbona mia tano ya juzi ilinipa uniti nyingi kuliko ya leo?" Watu hutaka niifungue mita. Fungua simu kwanza.

Ujumbe wa Kenya Power unaoupata ukinunua tokeni una pesa za aina mbili. TknAmt ni bei ya stima yenyewe. OtherCharges ni makato mengine yote. Chukua TknAmt ugawanye kwa Units, utajua unatozwa bei ya kundi gani. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wako makundi matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na waliopita 100. Bei hizo zilipoanza, uniti ilikuwa shilingi 12.22 kundi la chini, 16.30 la kati, na 20.97 la juu. Linganisha jibu lako na jedwali la sasa la EPRA. Kumbuka pia wastani wa matumizi unaoangaliwa ni wa miezi mitatu; aliyefanya arusi Desemba hashuki kundi Januari kwa kuzima friji.

Wanaoumia zaidi ni wapangaji. Nyumba ya vyumba sita, mita moja. Kila chumba kikila uniti 28, mita inaona 168, na kwa Kenya Power huyo ni mteja mmoja mlaji. Bibi wa chumba cha uani mwenye taa mbili na redio analipa bei ya juu kabisa. Mwenye nyumba atasema kaweka mita ndogo kila chumba. Mita ndogo inagawa uniti tu, bei ya kundi inabaki ile ile. Dawa ni kila chumba kiwe na mita yake ya Kenya Power: kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), na cheti cha waya kilichotiwa saini na fundi mwenye leseni. Kuunganisha ni ghali, sibishi. Basi kaeni na mwenye nyumba mpige hesabu kwenye karatasi, maana kwa mdomo mtagombana.

Kwenye OtherCharges, angalia sana ada ya mafuta na ile ya fedha za kigeni. Hizi EPRA huzitangaza kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mabwawa ya umeme ya mto Tana yakikauka, mitambo ya mafuta kama ya Kipevu hufanya kazi zaidi, nawe unalipia mafuta hayo hata kama hukuongeza balbu. Kuna ya mfumuko wa bei, ya maji, ya EPRA wenyewe, asilimia 5 ya umeme wa vijijini, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 16. VAT usimwandikie EPRA, utapoteza wino. Hiyo ni ya Bunge, mfuate mbunge wako.

Kosa likiwa la mita au la kundi, anza na Kenya Power, kwa maandishi, na udai namba ya malalamiko. Usiporidhika, nenda EPRA. Ukipinga uamuzi wa EPRA, rufaa ni kwa Mahakama ya Nishati na Petroli, ndani ya siku 30. Bei ya msingi nayo hupitiwa kwa vipindi vya miaka mitatu, na kabla ya kupitishwa kuna vikao vya wananchi. Huko ndiko kelele zetu zinahitajika, lakini viti huwa vitupu na baraza za kahawa zimejaa.

Taa za barabarani ni za kaunti. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Omba nakala ya mpango huo kwa barua ukiitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Nakala ya barua mpelekee MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi, na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.