Kutengeneza taji la majani kwa mtindo wa Ur

Kati ya mapambo yote ya kifalme ya Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki, anza na taji la majani. Leonard Woolley, mwanaakiolojia aliyechimba mji wao wa Ur kuanzia 1922 hadi 1934, aliyakuta mataji ya namna hii katika kaburi la malkia Puabi na pia kwa wanawake waliozikwa pamoja na wakuu wao yapata miaka 4,500 iliyopita. Ni majani ya dhahabu yanayoning'inia kwenye nyuzi za shanga za lapisi lazuli (jiwe la bluu) na akiki nyekundu. Lapisi ilitoka Badakhshan, Afghanistan, na akiki nyingi upande wa bonde la Indus. Dhahabu tutaibadilisha na shaba njano.

Taji la sm 60 linahitaji majani 20, bamba la shaba njano la unene wa mm 0.1, shanga 80 za lapisi zenye umbo la bomba (urefu mm 9), shanga 80 za akiki (urefu mm 4), zote za kipenyo kisichozidi mm 5, na uzi imara wa nailoni. Pima kichwa kwanza, na kama utavaa nywele za bandia, pima juu yake. Woolley mwenyewe, kwa kuangalia jinsi utepe wa dhahabu wa nywele ulivyozunguka kichwa, aliona kwamba wanawake wale walivaa nywele za bandia kubwa.

Kata majani ya upana wa mm 28, yenye umbo la moyo na ncha iliyochongoka. Kwenye shina acha mkia wa upana wa mm 4 na urefu wa mm 22. Usiusahau mkia, jani lililokatwa bila huo halina pa kuning'inia, na kuuchomelea baadaye kwenye bamba jembamba hivi ni kujitafutia balaa. Piga msasa kingo zote, hasa za mkia, maana ukingo mkali ndio unaokata uzi.

Laza jani kifudifudi juu ya kipande cha ngozi, kisha chora mishipa kwa ncha butu: mmoja wa katikati, halafu ya pembeni. Ukibonyeza sana bamba litatoboka. Kazi hii huifanya shaba ikakamae, kwa hiyo pasha mkia pekee moto hadi uwe mwekundu hafifu, uondoe mara moja, uuache upoe. Asiyeupasha huona ufa palepale anapoukunja.

Kunja mkia kwenye msumari wa mm 2 upate kitanzi cha chini, panda mm 6, kisha fanya kitanzi cha pili. Kila kitanzi kitapitiwa na uzi wake. Vitanzi visipolingana, jani litaegemea upande. Hilo huonekana mbali sana likishavaliwa, kuliko kasoro yoyote ya mishipa.

Tunga nyuzi mbili kwa pamoja: jani, lapisi, akiki mbili, lapisi, jani. Kila hatua inakuwa mm 30, hivyo majani yanakaribiana bila kupandana. Usivute uzi hadi ukaze kama waya. Taji litajikunja na majani yatageukia nje. Acha sm 15 kila mwisho za kufungia kisogoni.

Kuhusu shanga, lapisi nyingi za bei rahisi ni jiwe jeupe lililotiwa rangi. Sugua moja kwa pamba yenye asetoni: pamba ikigeuka bluu, rudisha mfuko mzima. Lapisi halisi huweza kuwa na vitone vya dhahabu bandia, yaani pairiti, au mistari meupe ya kalsaiti. Kwa sababu ya hiyo kalsaiti, kamwe usiisafishe kwa siki wala limau, hata kama shaba imefifia. Futa kila jani peke yake kwa kitambaa kikavu.

Wakati wa kuvaa, utepe wa nywele, kama unao, hutangulia, taji hufuata, majani yakiangukia juu ya paji la uso.