Somo: Kukuza selulosi ya bakteria Nairobi, kutoka chai ya sukari hadi utando mkavu

Selulosi, yaani kitu kinachojenga nyuzi za mimea, tumeizoea kutoka kwenye pamba, mbao na karatasi. Hata hivyo, wako bakteria wanaoitengeneza bila shamba wala mti, na anayejulikana zaidi ni Komagataeibacter xylinus, ambaye kazi yake ilielezwa mwaka 1886 na mwanakemia Mwingereza Adrian Brown alipochunguza utando unaojitokeza wakati siki inapoundwa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba bakteria huyu hawezi kuishi bila hewa, kwa hiyo hujenga utando wake pale kimiminika kinapokutana na hewa. Ukubwa wa utando huamuliwa na upana wa chombo, si kina chake.

Hatua ya 1: Chombo. Sufuria nyingi majumbani mwetu ni za alumini, nazo zinafaa kuchemshia chai tu. Asidi itakayojitengeneza siku zinavyokwenda huila alumini, na soda kostiki ya hatua ya nne huila kwa kasi zaidi huku ikitoa hidrojeni, ambayo ni gesi inayoshika moto. Kuzia kwenye bakuli la kioo au beseni la plastiki la chakula lenye mdomo mpana.

Hatua ya 2: Chai. Chemsha lita 1 ya maji, utie gramu 5 za majani ya chai na gramu 80 za sukari, bila maziwa, kisha uchuje na uache ipoe kabisa. Kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi, maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, joto linaloua vijidudu vingi lakini si mbegu sugu za baadhi yao; kwa hiyo kinga yako kubwa ni asidi. Ongeza mililita 100 za kombucha (chai ya sukari iliyochachushwa kwa bakteria wa aina hii pamoja na chachu) iliyokomaa, isiyotiwa ladha wala kupashwa moto, pamoja na kipande cha utando ukikipata.

Hatua ya 3: Kukuza. Funika kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa karibu, mathalani kipande cha leso kuukuu, kwa kuwa matundu ya chujio huwapitisha nzi wadogo wa matunda. Bakteria huyu hustawi kati ya nyuzi 28 na 30, na hapa ndipo Nairobi hutusumbua, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo beseni lililoachwa jikoni linaweza kukaa wiki nzima bila dalili yoyote. Liweke ndani ya katoni pamoja na chupa za maji moto unazozibadilisha asubuhi na jioni, au balbu ya kizamani ya waya iliyowekwa mbali na karatasi na kitambaa. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Baada ya hapo usilisogeze. Mwanzoni utaona ngozi nyembamba kama ile ya maziwa yaliyopoa, na baada ya wiki mbili hivi za joto zuri unene wake unaweza kukaribia sentimita 1.

Chini ya ngozi hiyo, chachu iliyomo kwenye kombucha huvunja sukari ya mezani kuwa glukosi na fruktosi, naye bakteria huunganisha glukosi kuwa minyororo anayoisukuma nje kupitia vitundu vilivyojipanga mstari mwilini mwake. Minyororo hiyo hushikamana kuwa nyuzi zenye upana wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 20 hadi 100 hivi. Tabaka jipya huongezwa upande wa juu, na ukilisogeza beseni, utando huzama na mwingine huanza upya juu yake.

Hatua ya 4: Kusafisha. Katika sufuria ya stenlesi yenye lita 1 ya maji baridi, tia gramu 4 za soda kostiki, ile ya watengenezaji sabuni. Soda huingizwa kwenye maji. Kamwe usimwagie maji juu ya soda. Vaa glavu na miwani. Pasha moto utando humo kwa saa moja kwenye nyuzi 80 hadi 90, kisha uusuuze mara nyingi mpaka karatasi ya litmasi ioneshe kwamba hakuna tena alkali.

Hatua ya 5: Kukausha. Utandaze juu ya ubao laini kivulini. Takriban asilimia 99 ya uzito wake ni maji, hivyo utabaki na kitu chembamba kama karatasi ngumu, ambacho hata ukikiloweka hakirudii unene wake wa awali.

Utando huu hauna lignini, hemiselulosi wala pektini, vitu ambavyo huchanganyika na selulosi ndani ya mimea, na usafi huo pamoja na wembamba wa nyuzi zake ndio unaoupa nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Sony iliutumia kutengenezea viwambo vya spika za masikioni. Ufilipino huukuza kwenye maji ya nazi na kuula kwa jina la nata de coco, na kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi ambayo watu wetu wa Pwani wangeyaiga kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, juu ya utando wangu pameota manyoya ya kijani. Je, niyakwangue?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni kuvu, na mizizi yake imekwisha kupenya ndani. Mwaga vyote, uoshe chombo kwa maji yanayochemka, na safari ijayo uongeze kombucha komavu.

Swali: Nikikoroga kila siku ili hewa iingie, si utakua haraka?
Jibu: Utapata madonge badala ya utando. Isitoshe, mkorogo wa muda mrefu huwapa nafasi bakteria waliogeuka na kuacha kutengeneza selulosi.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mama ameungua mkono kwa mafuta. Naweza kumfunika na utando nilioukausha?
Jibu: Marahaba. Tafadhali usifanye hivyo. Ni kweli kwamba hospitalini hutumika vifuniko vya vidonda vya selulosi hii, lakini hutengenezwa kwa bakteria wa aina moja tu na kuuliwa vijidudu kwa vipimo vya kiwandani. Mwagilia mkono wake maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha umpeleke kliniki.

Swali: Nataka kushona mkoba. Utahimili mvua ya Aprili?
Jibu: Ukiwa mtupu hautahimili, kwani hunywa maji na kulegea. Gliserini kidogo kabla ya kukausha huufanya usikatike unapokunjwa, na nta ya nyuki juu yake hupunguza maji yanayoingia bila kuyazuia kabisa. Anza na kijaladi cha daftari.