Umefunga LED na bado huoni mbele? Usikimbilie kununua globu nyingine

Wakuu, hii imenikuta mwenyewe. Nilichoka na zile taa za njano za Probox yangu, nikaenda Kariakoo nikabeba LED za H4, boksi limeandikwa 200W, fundi akachomeka dakika kumi tu kamaliza, jioni nawasha getini pale mbele ya bampa kweupe peee, nikafurahi kweli. Wiki hiyo hiyo nikatoka Moro usiku kurudi Dar, kila lori linalokuja linanipigia fulu kwa hasira, na shimo lenyewe naliona tairi ikiwa imeshaingia. Mwanga ulikuwepo, ila ulikuwa umemwagika ovyo.

Kitu ambacho fundi hakuniambia ni kwamba globu inatoa mwanga tu, anayeupeleka barabarani ni rifleta, yaani lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, na rifleta ya gari kama hii imepigiwa hesabu ya ule uzi mdogo wa halojeni (zile globu za zamani za njano) unaokaa sehemu yake ile ile siku zote. H4 ina nyuzi mbili, 60W ya fulu na 55W ya dimu, sasa ule wa dimu chini yake kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifleta, maana ukifika kule unarudi juu, machoni kwa mwenzako. LED nayo lazima iige hivyo hivyo: vijitaa vyake vikae pale pale ulipokuwa uzi, ubao wake uwe mwembamba, na viwe na kikombe chake kwa upande wa dimu. Zile nene zenye vijitaa pande nne achana nazo hata ukipewa bure. Na hizo 200W za kwenye boksi ni porojo, ingekuwa kweli soketi ingeshayeyuka.

Kabla hujatupa ulizonazo, angalia zimekaaje. Fungua boneti, toa ile raba ya nyuma ya taa, vijitaa vinatakiwa vitazame kushoto na kulia, yaani saa tatu na saa tisa, sio juu na chini. Globu nyingi zina pete yenye kijiskrubu, unakilegeza unazungusha kidogo kidogo. Mimi za kwangu zilikuwa zimepinda kabisa, fundi alichomeka tu alimradi ziwake. Njia nzuri ni kuweka LED upande mmoja, upande mwingine urudishe halojeni yako ya zamani, halafu gari litazame ukuta usiku. Ziba taa moja kwa kadibodi uangalie nyingine, usikawie na hilo kadibodi maana halojeni ina moto. Halojeni itakuonyesha mstari mwanga unapokatikia, juu giza chini mwanga, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo. Zungusha LED mpaka ifanane na hiyo. Ukizungusha kote mstari hautokei, basi hiyo globu haikubaliani na rifleta yako, irudishe dukani. Na ukirudisha halojeni usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono yanaiua mapema.

Mstari ukishapatikana ndio unapiga levo. Tafuta sehemu tambarare, upepo wa tairi uwe sawa, mtu akae kwa dereva, na kama kuna kile kitufe cha kushusha taa kwenye dashibodi kiweke 0. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, bandika selotepu ukutani kwa urefu huo huo. Mstari wa dimu ukae sentimita 5 chini ya selotepu. Nyuma ya taa kuna skrubu za plastiki, bisibisi ya nyota inatosha, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia kama ipo. Watu wengi wanashusha taa mno wakidhani ndio ustaarabu, matokeo yake mwanga wote unalala hapo mbele ya bampa, na jicho likizoea ule weupe wa karibu, kule mbali ndio halioni kabisa! Ukibeba magunia nyuma pua inanyanyuka, hapo sasa ndio unatumia kile kitufe.

Lenzi nayo. Kama imekuwa ya njano na ukungu hata uweke nini ni bure, tena LED ndio inatawanyika zaidi. Dawa ya meno inang'arisha siku chache tu. Piga msasa wa maji 800, halafu 1000, 2000, malizia 3000, huku unamwagia maji, kisha kompaundi, na mwisho upake klia ya kuzuia jua, ukiruka hiyo klia njano inarudi haraka. Ila kama ni rifleta ya ndani imebabuka, hapo hakuna msasa, tafuta taa nzima.

Kwa wanaobaki na halojeni, washa injini na taa, pima umeme pale kwenye soketi ya globu ulinganishe na betri. Ikipungua zaidi ya nusu volti, mwanga unapotea mwingi, maana volti zikishuka asilimia 10 tu karibu theluthi ya mwanga imeondoka. Anza kwa kukwangua pale waya wa ethi (hasi) unapofungwa kwenye bodi mpaka bati lionekane, ikishindikana funga rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya uchukue moto moja kwa moja betri na fyuzi iwe karibu na betri.

Rangi ya mwanga, ile inayoandikwa kwa K (Kelvin) kwenye boksi, chukua kati ya 4300K na 5000K, ile ya bluu kwenye ukungu wa Makambako utajuta.

Wale wenye magari ya Dubai au Ujerumani, taa zake zinapandisha mwanga kulia kwa sababu kule wanaendesha kulia, kwetu huku ni machoni kwa anayekuja, na ndugu zetu wa Burundi na Congo wenye gari za Japan wana shida hiyo hiyo kinyume chake. Hiyo haitibiki kwa skrubu, labda zile chache zenye projekta (lenzi ya duara ndani ya taa) inayoweza kugeuzwa upande, zaidi ya hapo ni kutafuta taa za upande wenu.