Kupiga picha za harusi ya Dar: kutoka saluni mpaka ukumbini

Harusi ya Jumamosi jijini Dar es Salaam ni shughuli ya saa kumi na mbili hadi kumi na nne: saluni asubuhi, kanisani au msikitini mchana, ufukweni au bustanini jioni, ukumbini mpaka usiku mwingi. Picha nyingi zinazoharibika haziponzwi na kamera ya bei ndogo. Zinaponzwa na ratiba iliyoyumba, au na taa za ukumbini ambazo mpiga picha hakujiandaa nazo. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Maandalizi: kamati, mkataba, begi

Anayekuchagua mara nyingi ni bibi harusi, lakini anayelipa ni kamati. Kamati inalipa kadiri michango inavyoingia, na wiki ya mwisho fedha zote hukimbilia ukumbi, chakula na vinywaji. Kwa hiyo chukua nusu ya malipo siku mnapofunga tarehe, na salio liingie siku tatu kabla ya harusi. Ukiambiwa "tutamalizana baada ya shughuli", kataa kwa adabu. Kikao cha kuvunja kamati kikishafanyika, mwenyekiti na mweka hazina hawana cheo tena, na utabaki unawasumbua maharusi walio fungate.

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha. Uandike saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya picha zitakazosafishwa (mia nne ni idadi ya haki kwa siku nzima), kurasa za albamu, tarehe ya kukabidhi, na malipo ya kila saa inayozidi. Hilo la mwisho lisipoandikwa, utacheza muziki hadi saa nane usiku bila shilingi ya ziada. Weka pia mstari wa ruhusa ya kutumia picha mtandaoni, ndiyo au hapana, na sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na picha inayomtambulisha mtu si ya kutundikwa Instagram kwa mazoea tu.

Wiki moja kabla, piga simu tatu. Ya kwanza kwa matroni, maana ndiye anayejua bibi harusi atakuwa saluni ipi na atatoka saa ngapi kweli, si saa iliyoandikwa kwenye kadi. Ya pili kwa MC: keki ni kabla ya chakula au baada? Wazazi wanaingia kwa muziki au wameshakaa? Ya tatu kwa kanisa, kuuliza mpiga picha anaruhusiwa kufika wapi. Kisha nenda ukumbini jioni moja ukaangalie dari. Watu huangalia mapambo. Wewe angalia dari, sababu utaiona mbele.

Kwenye begi weka kamera mbili, zote zikiwa kazini. Kamera ya akiba iliyoachwa nyumbani Mbagala haitakusaidia ukiwa Mbezi. Lenzi ya milimita 24-70 na ya 70-200, zote za f/2.8 (f ni tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia), zinafanya karibu kazi yote. Ongeza moja ya 35 au 50 yenye f/1.8 kwa ajili ya giza. Flashi mbili pamoja na kifaa cha kuziwasha kwa mbali, stendi mbili, betri nne za kamera, na betri ndogo za kuchaji kumi na sita, kwa kuwa kila flashi inakula nne kwa mkupuo. Chukua memori kadi kadhaa za GB 64 badala ya moja kubwa. Ongeza tishu, pini na uzi mweupe. Asubuhi kabla ya kutoka, sawazisha saa za kamera zote, ya kwako na ya msaidizi, mpaka kwenye dakika. Zisipolingana, ukizipanga picha kwenye kompyuta keki itakatwa kabla ya ndoa kufungwa.

Saluni

Hapa usikae sana. Saa moja inatosha. Omba taa za juu zizimwe, msogeze bibi harusi karibu na dirisha, na upige kutoka upande ambao mwanga unamgusa shavu. Jambo moja usiliruke: piga picha moja ya uso kwa flashi mara mtu wa mekapu anapomaliza. Kuna poda ambazo kwa macho zinaonekana safi, ila flashi ikiwaka uso unatoka mweupe kama uliomwagiwa unga huku shingo ikibaki na rangi yake. Ukiligundua saluni, linafutwa kwa brashi. Ukiligundua ukumbini, umechelewa.

Na joto la Pwani: ukitoka kwenye kiyoyozi cha saluni au cha gari kuingia nje, lenzi inapata ukungu papo hapo. Usiifute kwa shati. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika kumi na tano hadi ishirini izoee joto, na katika muda huo usibadilishe lenzi, la sivyo unyevu utaingia mpaka ndani. Ndiyo maana ni vizuri ufike kanisani kabla ya bibi harusi. Kwenye gari, kiyoyozi kisipulize upande wa begi.

Kanisani na kwenye akdi

Jitambulishe kwa padre au mchungaji kabla ya ibada, umsalimie, na uulize mipaka. "Shikamoo Baba, naomba kujua nisimame wapi" inafungua milango ambayo kitambulisho hakiifungui. Misa ya Kikatoliki haina ugumu ukijua mahali pa kutulia: wakati wa mageuzo, padre anapoweka wakfu mkate na divai, usitembee wala usiwashe flashi. Maagano na pete ni mambo ya dakika chache, kwa hiyo uwe tayari umeshasimama upande unaouona uso wa bibi harusi, na mtu wa video awe upande wa pili. Zima mlio wa kamera, lakini usitumie shata ya kielektroniki (shata ni kifungua mwanga cha kamera; hii haina pazia linalosogea) kama kanisa lina taa za LED. Unaweza kupata mistari ya giza kwenye picha. Wakati wa kutia sahihi cheti cha ndoa, piga mikono na nyuso, usipige karatasi kwa karibu hadi namba zisomeke.

Akdi ina mpangilio mwingine. Bwana harusi yuko na walii (anayemwozesha bibi harusi) na sheikhe, msikitini au nyumbani, na bibi harusi kwa kawaida hayupo hapo. Ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuozesha na ya kukubali, hupita kwa sekunde chache, basi lenga mikono iliyoshikana na usiiache. Shughuli za wanawake, kama siku ya hina au kupamba kwa watu wa Tanga, Zanzibar na Mombasa, zinahitaji mpiga picha mwanamke. Kama wewe ni mwanamume, tafuta mwenzako wa kike mapema, na picha hizo zikabidhiwe kwa mhusika tu. Zisipite kwenye kompyuta ya ofisi ambayo kila mtu anaifungua.

Gauni jeupe, suti nyeusi, ngozi nyeusi

Kamera inapima mwanga kwa kudhani kila kinachoonekana ni cha kijivu. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama. Ikiona suti nyeusi, inaongeza, na gauni linageuka karatasi tupu isiyo na hata uzi wa lesi. Ukiiachia kamera iamue, picha tano za mahali pamoja zitatoka na rangi tano za ngozi.

Dawa ni kupima mwenyewe. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), piga kwa RAW (faili ghafi), washa alama inayomemeteka kwenye sehemu zilizoungua kwa mwanga. Ongeza mwanga mpaka alama ianze kugusa mikunjo ya gauni inayotazama jua, kisha punguza theluthi moja au mbili ya stopu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Hapo lesi imebaki na ngozi imepata mwanga wote unaowezekana. Sasa angalia uso. Ukiwa bado na giza, usiguse kamera. Ongeza mwanga wa uso peke yake, kwa kibao cheupe kinachorudisha mwanga au flashi ndogo yenye kitambaa. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana kutoka pembeni, unaoacha mng'ao laini kwenye shavu na kwenye paji. Flashi tupu ya kutoka mbele inaleta madoa meupe kwenye pua, hasa mtu akitokwa jasho. Tishu kwanza, flashi baadaye.

Bwana harusi mwenye suti nyeusi asisimame mbele ya ukuta mweusi au kichaka chenye giza. Mpe nyuma yenye mwanga kidogo ili mabega yaonekane yanapoishia.

Picha za nje

Jua la Dar la saa saba mchana linapiga utosini na kuacha mashimo kwenye macho. Tafuta kivuli cha jengo. Chini ya mwembe utapata vipande vya jua usoni, tena majani yanarudisha rangi ya kijani kwenye ngozi. Kwa mwaka mzima jua linazama kati ya takriban saa 12:10 na saa 12:50 jioni, na giza likianza haliringi: una dakika ishirini hivi baada ya jua kuzama. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo haijui hilo. Mwambie matroni kwamba maharusi wawe eneo la picha saa kumi na moja kamili, naye atawaambia saa kumi na nusu.

Makundi ya familia yasizidi kumi na mbili. Kila moja linakula dakika mbili hadi tatu. Usiite majina wewe. Tafuta mtu wa ndani mwenye sauti: "Shangazi, naomba unisaidie, wajomba wote wa bibi harusi." Shangazi akiita, wanakuja.

Ukumbini

Wapambaji wanapenda taa za zambarau na bluu. Kwa macho zinapendeza, kwa kamera ni balaa: mwanga wa bluu tupu haubebi taarifa ya rangi nyekundu, na ngozi inatoka kama iliyomwagiwa wino. Hakuna programu itakayoirudisha. Njia pekee ni kuweka mwanga wako kwenye nyuso na kuiacha zambarau ikae nyuma kama pambo.

Anza bila flashi. Weka ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2.8, shata 1/100 ya sekunde, piga meza kuu ikiwa tupu. Mapambo yaonekane lakini yawe na giza kidogo; yakizidi mwanga, shusha ISO. Ndipo uwashe flashi mbili, juu ya stendi zenye urefu wa mita mbili na nusu, kwenye pembe mbili zinazotazamana za eneo la kuchezea, kwa nguvu ya 1/8. Kwa nguvu hiyo betri zinadumu na flashi inajaa haraka kwa picha inayofuata. Dari likiwa jeupe na la chini, zielekeze juu, mwanga utashuka laini. Dari likiwa limefunikwa kitambaa cha pinki, usithubutu, kila uso utakuwa wa pinki. Tumia mwavuli mweupe. Funga miguu ya stendi kwa mfuko wa mchanga au chupa za maji, maana wacheza kwaito hawaangalii chini.

Kwa nini 1/100? Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 au 1/50 inachukua mapigo kamili. Ya 1/320 inakamata kipande tu cha pigo, na picha moja inatoka na mwanga, inayofuata na giza. Taa za bei nafuu za jukwaani zina mapigo yao wenyewe, hizo shusha hadi 1/60 na uache flashi igandishe mwendo.

Maharusi wakiingia kwa hatua za muziki, tembea kinyumenyume mita nne mbele yao na usiibadilishe hiyo mita nne, ili mwanga usibadilike. Kwenye keki, simama upande ambao mkono wa bwana harusi haumzibi bibi harusi. Fataki baridi zikiwekwa kando ya keki, nenda f/5.6 kabla hazijawashwa. Shampeni: mita tatu, kwa upande, na kitambaa cha lenzi mfukoni. Kwenye harusi ya Wachaga ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, inaingia kwa shangwe kuliko keki, tena inakuja ghafla, kwa hiyo muulize MC mlango gani. Kula wakati wageni wanakula. Hakuna anayependa picha yake akitafuna, na zamu ya zawadi inayofuata ni ndefu. Hapo kila kundi linataka kujiona na jokofu au godoro lake.

Usiku huohuo na wiki zinazofuata

Kamera yenye nafasi mbili za kadi iandike zote mbili kwa pamoja. Ukifika nyumbani, hata saa tisa usiku, nakili kwenye diski mbili kabla ya kulala. Picha 2,500 za RAW za kamera ya megapikseli 24 ni kama GB 70, kwa hiyo hesabu nafasi mapema. Fungua picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho kuhakikisha hazijaharibika. Diski moja ikae nyumba nyingine, na kadi usizifute mpaka maharusi wamepokea kila kitu.

Jumatatu watumie picha ishirini, kama faili, kwa sababu WhatsApp hubana picha za kawaida. Katika kusafisha, usimng'arishe bibi harusi. Linganisha uso na mikono yake kwenye picha ya dirishani ya saluni, hiyo ndiyo rangi yake, na mama yake anaijua. Kwenye albamu, pima mkunjo wa kati kabla ya kupeleka kiwandani na usogeze kila mtu sentimita mbili pembeni, kwa sababu anayemezwa na mkunjo mara nyingi ni bibi mzaa mama, aliyewekwa katikati kwa heshima.