DVD za kuagiza: zigeuze kwanza uone tumbo

Wapenzi wa sinema za zamani mnaoagiza zile DVD zinazochomwa pale tu mteja anapoagiza (Warner Archive ya Marekani ilianza kuziuza hivyo 2009), ikifika Mombasa usikimbilie kuitia kabatini. Igeuze. Tumbo likiwa la zambarau, hiyo imechomwa, si ya kupigwa chapa kiwandani ile inayong'aa kama fedha. Picha imeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo haipatani na jua wala joto. Joto la kaskazi mwalijua wenyewe.

Yangu moja niliiacha juu ya spika karibu na dirisha, Mji wa Kale. Msimu haukuisha ikaanza kukwama katikati ya filamu. Siku hizi ikija naitazama yote siku hiyohiyo, hadi majina ya mwisho, maana deki husoma kutoka katikati kwenda ukingoni na kasoro nyingi hujificha huko ukingoni. Kisha naisimamisha ndani ya kasha lake, chumba cha ndani. Karatasi ya gundi usiibandike kabisa.

Deki nayo: DVD na deki zimegawanywa kwa namba za maeneo ya dunia; Kenya tuko eneo namba 5, Marekani ni 1, kwa hiyo tafuta inayosoma maeneo yote. Tena diski zao ni NTSC, mfumo wa picha wa televisheni za Marekani. Televisheni kuukuu ya PAL, mfumo wa kwetu, huenda ikakutolea picha isiyo na rangi. Kwa filamu za miaka ya 1930, ambazo nyingi hazina rangi, wala hutagundua.