Sekondari Yako ya Marekani na Nafasi ya Chuo: Mambo ya Kushughulikia Mapema

Pamoja na matokeo yako, sekondari ya Marekani hupeleka chuoni karatasi ya ukurasa mmoja au miwili inayoieleza shule yenyewe: kozi za juu inazofundisha, jinsi inavyotoa alama, GPA (wastani wa alama) za wanafunzi wake zilivyosambaa, na wangapi huendelea na chuo. Afisa wa udahili hukupima kwa karatasi hiyo. Aliyesoma kozi 4 za AP (kozi za kiwango cha chuo zinazofundishwa sekondari) katika shule yenye 5 huonekana amejituma kuliko aliyesoma 4 penye 20. Shule nzuri inakufungulia milango, kweli, lakini pia inapandisha kiwango unachodaiwa.

Mwombe mshauri wa shule nakala ya karatasi hiyo ukiwa darasa la 10 au la 11, uisome mstari kwa mstari. Kosa baya zaidi ni kozi iliyokwisha futwa kubaki kwenye orodha, maana utaonekana umeikwepa. Angalia pia kama masharti ya shule yameandikwa, kwa mfano idadi ya AP inayoruhusiwa kwa mwaka. Marekebisho yawe yamekamilika kabla ya Novemba 1, siku ambayo vyuo vingi hufunga maombi ya mapema.

Katika fomu za Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa pamoja, mshauri huulizwa kozi zako zilikuwa ngumu kiasi gani ukilinganishwa na wenzako wa shule hiyohiyo. Muulize ni mchanganyiko upi wa kozi anaouhesabu kuwa mgumu kuliko yote, na umuulize kabla hujachagua kozi za darasa la 11. Ukisubiri darasa la 12, hakuna la kubadilisha.

Kama shule haina kozi unayoihitaji, tuseme fizikia ya juu, isome katika chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu. Shule nyingi zina utaratibu huo. Unaweza pia kufanya mtihani wa AP bila kusoma darasani, na hapa wengi hukwama: mtihani ni Mei, lakini usajili hufungwa Novemba iliyotangulia, na lazima wewe mwenyewe utafute shule inayokubali watahiniwa wa nje. Kisha, katika sehemu ya maelezo ya ziada ya fomu ya maombi, andika sentensi mbili tatu tu: shule haikuwa na nini, nawe ulifanya nini. Malalamiko hayasaidii.

Fikiri mara mbili kabla ya kuhamia shule yenye jina kubwa katikati ya safari. Texas, kwa sheria ya 1997, wanafunzi wanaoongoza katika kila shule huingia vyuo vikuu vya jimbo moja kwa moja: asilimia 10 ya juu kwa vyuo vingi, asilimia 5 kwa UT Austin (Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin) kwa wanaoanza msimu wa vuli wa 2026. California nayo huwaahidi asilimia 9 ya juu wa kila shule shiriki nafasi katika mfumo wa UC (Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi kadhaa), ingawa huenda isiwe kampasi waliyoitaka. Aliyekuwa wa tatu kwao akihamia penye ushindani mkali anaweza kuupoteza mlango huo kabisa.

Jambo la mwisho ni barua ya mshauri ya kukupendekeza chuoni. Chama cha washauri wa shule Marekani kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, na shule nyingi za umma huzidi hapo, hivyo huenda hakujui. Mpelekee ukurasa mmoja mwishoni mwa darasa la 11 wenye matukio mahususi: kazi ya nyumbani inayokula saa zako, mradi uliouanzisha, muhula ulioteleza na sababu yake.