Kuchambua grafu ya mwanga wa lenzi ya mvutano, hatua kwa hatua, ukiwa Lubumbashi

Kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba ndio msimu wenyewe wa kufuatilia lenzi za mvutano, yaani nyota zinazokuza mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Usiku wa manane mwezi Juni, kundi la nyota la Mshale (Sagittarius) linakuwa karibu juu ya utosi hapa Lubumbashi, na upande huo ndiko kulikojaa nyota za katikati ya galaksi yetu. Darubini za miradi ya utafiti ya OGLE kule Chile, MOA kule New Zealand na KMTNet zinapima nyota hizo kwa mamilioni, usiku baada ya usiku. Moja ya darubini za KMTNet iko Sutherland, Afrika Kusini, kwa hiyo mara nyingi inatazama eneo hilohilo unaloliona wewe ukiinua macho uani kwako.

Darubini ya namna hiyo hatuna. Lakini vipimo vya OGLE viko wazi kwa kila mtu, na faili la tukio moja ni maandishi matupu yasiyokula mega. Nimewaandikia hasa wanafunzi wa fizikia: kompyuta ya kawaida yenye Python, numpy, scipy na matplotlib inatosha.

Kwa ufupi, nyota moja (lenzi) inapita karibu kabisa mbele ya nyingine iliyo mbali zaidi (chanzo). Mvutano wa lenzi unapinda mwanga wa chanzo, nasi tunaona mwanga ukipanda kisha ukishuka. Mwanaastronomia Bohdan Paczyński alipendekeza utafutaji huu mwaka 1986, na matukio ya kwanza yakaonekana mwaka 1993.

Hatua ya 1: Chagua tukio zuri

Ingia kwenye orodha ya matukio ya OGLE, chagua lililofikia kilele Juni au Julai ili uwe na vipimo pande zote mbili. Pakua faili la phot.dat. Safu tatu za kwanza ndizo unazohitaji: tarehe ya Julian (hesabu ya siku mfululizo inayotumiwa na wanaastronomia), magnitudo ya I (kipimo cha mng'ao kupitia kichujio cha I; namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi), na kosa la kipimo. Toa 2450000 kwenye tarehe ili namba zisomeke. Kumbuka siku ya Julian inaanza saa sita mchana wa Greenwich, yaani saa nane mchana kwetu.

Hatua ya 2: Geuza magnitudo kuwa mwanga

Magnitudo haijumlishiki, mwanga unajumlishika. Tumia

F = 10^(−0.4 × (I − 18))

na kosa lake ni 0.921 × F × kosa la magnitudo. Namba 18 ni ya kuchagua tu. Usiruke hatua hii. Bila hiyo hatua ya 5 haifanyiki.

Hatua ya 3: Kadiria kwa macho kwanza

Chora grafu. Kabla ya kuandika msimbo wowote, andika kwenye karatasi: kilele kiko tarehe gani (t0), mwanga wa kawaida ni kiasi gani, na inachukua siku ngapi mwanga wa ziada kushuka hadi nusu. Kompyuta inayoanzia mahali pabaya inaishia mahali pabaya, na itakupa jibu hilo bila kukuonya.

Hatua ya 4: Linganisha na modeli

Umbali kati ya lenzi na chanzo jinsi unavyoonekana angani, ukipimwa kwa nusukipenyo cha Einstein (nusukipenyo cha duara la mwanga ambalo lenzi ingeunda kama chanzo kingekuwa nyuma yake kabisa), ni

u(t) = √(u0² + ((t − t0)/tE)²)

ambapo u0 ni umbali huo unapokuwa mdogo kabisa, pale t0, na tE ni siku ambazo lenzi inachukua kuvuka nusukipenyo kimoja cha Einstein. Mwanga wa chanzo unakuzwa mara

A = (u² + 2) / (u × √(u² + 4)).

Pale u = 1, A ni 1.34; pale u = 0.1, A ni karibu 10. Mwanga unaopimwa ni F = fs × A + fb, ambapo fs ni wa chanzo na fb ni wa nyota jirani zilizoingia kwenye nukta ileile ya picha.

Usiiachie kompyuta kutafuta parameta zote tano kwa pamoja. Ukishajua t0, u0 na tE, fs na fb zinapatikana moja kwa moja kwa mlinganyo wa mstari. Kwa hiyo acha scipy ihangaike na tatu tu, na kila inapojaribu, wewe kokotoa hizo mbili palepale. Kazi inakuwa nyepesi, na umeme ukikatika unakuwa umeshamaliza kabla batri haijaisha.

Hatua ya 5: Mwanga wa majirani

Hapa tulia. Eneo lile limesongamana nyota, na kupima chanzo kimoja ni sawa na kutaka kujua mwimbaji mmoja amepandisha sauti kiasi gani huku ukisikia kwaya nzima.

Chukua mfano wa kubuni. Nyota ya magnitudo 19 inapanda hadi 17, yaani mwanga unakuwa mara 6.3. Mwanga wa ziada unashuka hadi nusu baada ya siku 4.6. Ukisema hakuna jirani, u0 inatoka 0.16 na tE siku 20. Sasa sema nusu ya ule mwanga wa kawaida ni wa jirani. Chanzo kililazimika kukuzwa mara 11.6, u0 inashuka hadi 0.086, na tE inapanda hadi siku 34 na ushee. Kilele ni kilekile, upana wa nusu ni uleule. Na kwa kuwa uzito wa lenzi unaendana na mraba wa tE, mengine yote yakibaki vilevile, umeuzidisha uzito karibu mara tatu.

Kinachotofautisha hali hizi mbili ni mabega ya grafu, pale mwanga unapoanza kuinuka na unapomalizia kushuka. Kwa hiyo vipimo hafifu vya wiki za mwanzo na za mwisho vina thamani kubwa. Rudia hesabu huku fb ukiifunga kwenye thamani mbalimbali, na kwa kila moja andika tE na kai-mraba (jumla ya miraba ya tofauti kati ya vipimo na modeli, kila tofauti ikigawanywa kwa kosa lake). Kama kai-mraba haibadiliki sana, tE yako haijulikani vizuri, na ndivyo unavyopaswa kuripoti.

Hatua ya 6: Tazama mabaki

Toa modeli kwenye vipimo, chora kinachobaki. Kai-mraba ukiigawa kwa idadi ya vipimo baada ya kutoa parameta, itoke karibu na 1. Ikitoka 2 au 3 na mabaki yametawanyika ovyo pande zote, huenda makosa ya vipimo yameandikwa madogo kuliko yalivyo. Yazidishe kwa kigezo kimoja uendelee.

Mabaki yakiwa na mpangilio, hiyo ni habari nyingine. Nawasihi: msifute nukta kwa sababu tu haikai kwenye mstari. Tukio la OGLE-2005-BLG-390 lilifikia kilele tarehe 31 Julai 2005, mwanga karibu mara tatu, grafu safi kabisa. Tarehe 10 Agosti mwanga ukainuka kidogo kwa muda wa kama siku moja, wakati grafu ilikuwa inashuka. Kainuko hako kalikuwa ni sayari yenye uzito wa takriban Dunia tano na nusu, iliyotangazwa Januari 2006. Pakua faili la OGLE la tukio hilo, chora Agosti peke yake, uone jinsi nukta zilivyo chache.

Mabaki yakiinama polepole kwa wiki nyingi, upande mmoja juu na mwingine chini, na tE inazidi siku 60 hivi, shuku mwendo wa Dunia kuzunguka Jua. Hiyo ni paralaksi, na hesabu zake msiziandike kwa mkono: programu za Python za MulensModel na pyLIMA zinazo tayari. Mmoja wenu apakue mara moja, wengine wanakili kwa flashi.